Kipande Kilichotupwa

Leo naomba niwasimulie habari ya mpwa wangu na mkasi wake. Mkasi wenyewe si wa chuma. Ni mkasi ulio ndani ya tarakilishi, ule wa kukatia picha za video, na nimeshuhudia kwa macho yangu jinsi unavyoweza kukata mengi kuliko picha.

Mpwa wangu huyu ni mwalimu mwanagenzi katika chuo cha ualimu cha Shanzu, upande wa Kisauni. Kwetu sisi ni Likoni. Aijuaye Mombasa anaelewa mara moja maana ya majina hayo mawili: atokaye Likoni kwenda Shanzu huvuka feri, akapita kisiwani, akavuka tena daraja la Nyali, na hapo safari bado. Ndiyo sababu binti hukaa bwenini, na sisi humpata wakati wa likizo tu. Lakini safari hii alipangiwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi hapa hapa Likoni, gredi ya 4, kwa hivyo tukala naye wali wa nazi wiki baada ya wiki.

Siku moja aliingia jioni na kipakatalishi cha kuazima kwapani, uso umemparama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Mkufunzi anataka video. Nijirekodi nikifundisha, halafu nitoe dakika 6 za kuonyesha kazi yangu. Mimi hata kukata picha sijui."

Nikacheka, kwa sababu enzi zetu mwalimu mwanagenzi alihitaji chaki, andalio la somo na suruali iliyopigwa pasi. Lakini dunia imegeuka. Mwaka 2021 vyuo vya ualimu nchini vilianza kupokea wanafunzi wa stashahada ya miaka 3 mahali pa kile cheti cha P1 tulichokizoea. Tena wazazi wenzangu hamjasahau Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, watoto wakawa wanasomeshwa kwa redio na televisheni. Wengi walirudi madarasani Januari 2021. Miezi ile ilituonyesha sote kwamba mwalimu anayejua kutengeneza somo la kutazamwa ana kitu mkononi.

Na kujirekodi si jambo jipya hata kidogo. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Dwight Allen na wenzake walianza mwaka 1963 utaratibu wa kumpa mwalimu mwanagenzi wanafunzi wachache na dakika chache, afundishe jambo moja tu, kisha akae na kujadili alivyofundisha. Punde si punde mashine ya kurekodi video ikaingizwa katika kazi hiyo. Mashine za siku hizo zilikuwa nzito na za bei ya kutisha. Leo hii mashine hiyo imo mfukoni mwa kila makanga wa matatu.

Basi binti akajitayarisha. Somo alilolichagua lilikuwa kujaa na kupwa kwa maji ya bahari, kwani mtoto wa Likoni huliona jambo hilo kila siku kabla hajajua kusoma. Mwalimu mkuu alikubali arekodi, kwa sharti moja: picha zisitoke katika tarakilishi yake mpaka mzazi wa kila mtoto anayeonekana aridhie kwa maandishi.

Jumamosi moja alikwenda ufuoni asubuhi maji yakiwa yamejaa, akaifunga simu kwenye kijiti mbele ya jiwe moja kubwa, akaiunganisha na betri ya akiba, akaiagiza ipige picha moja kila sekunde 36. Akaketi kivulini saa 6 nzima akingojea maji yatoke. Alirudi nyumbani na picha 600. Video ya simu huonyesha picha 30 kwa kila sekunde, kwa hivyo saa zile 6 ziligeuka sekunde 20. Tulipozitazama sebuleni, bahari ilijivuta nyuma kama shuka inayovutwa kitandani, na jiwe likabaki uchi na mwani wake. Nyumba nzima ilinyamaza.

Darasani nako alitumia simu mbili. Moja aliiweka nyuma ya darasa juu ya kabati ichukue picha, na nyingine akaitia katika mfuko wa blauzi ichukue sauti yake, maana simu iliyo mbali husikia upepo na viti kuliko mwalimu. Kabla ya kuanza alipiga kofi moja kubwa mbele ya darasa. Watoto walidhani ni mchezo. Kumbe kofi hilo ndilo alama: baadaye katika tarakilishi unalitafuta kofi katika picha na kofi katika sauti, unayakutanisha, na tangu hapo mdomo na maneno vinakwenda pamoja. Msomaji mwanafunzi, shika hilo, halina gharama.

Sasa ikaja kazi ya kukata. Wengi wetu tunakumbuka programu ya Windows Movie Maker iliyokuwa katika tarakilishi nyingi, lakini Microsoft iliacha kuitoa Januari 2017. Binti akapata programu ya bure iitwayo Shotcut. Ukiifungua unaona mstari mrefu chini ya kioo, na juu ya mstari huo unapanga vipande vyako, picha juu na sauti chini, kama mtu anayepanga samaki sokoni. Unasogeza alama mpaka pale unapotaka, unakata, unatupa kisichofaa, unasukuma vilivyobaki vikutane. Kwa siku mbili za kwanza alikuwa akikata asichotaka na kuacha alichotaka kukata, lakini mkono ulizoea.

Siku ya tatu nikasikia kilio. Alikuwa ameona kadi ya simu imejaa, kwa sababu somo la dakika 35 lilikula zaidi ya gigabaiti 4. Akajiambia, "Si tayari nimekwisha kuyaweka katika programu? Acha nifute." Akafuta. Alipofungua kazi yake, kila kipande kilikuwa cheusi.

Hapo ndipo nilipompeleka kwa mzee jirani yetu. Mzee huyu alikuwa fundi wa kurekodi harusi miaka ya tisini, zama za kanda za VHS, na hakuna nyumba ya makamo mtaani kwetu isiyo na kanda yake, hata kama mashine ya kuchezea ilikwisha kufa zamani. Alimsikiliza binti, akatabasamu.

"Mwanangu, hicho ulichokiweka mle ndani si picha. Ni kama orodha ya harusi: fulani aketi hapa, fulani aketi pale. Wewe umeiweka orodha ukawafukuza wageni."

Na ndivyo ilivyo hasa. Faili ya kazi yako katika programu ya aina hii ni ndogo sana, ni maandishi tu yanayoeleza kipande gani kiko wapi na kikatwe wapi. Picha zenyewe hubaki pale ulipoziacha. Ukizifuta au ukizihamisha, orodha inabaki bila wageni. Dawa yake ni rahisi: tengeneza folda moja, weka kila kitu humo kabla ya kuanza, na uwe na nakala nyingine katika flashi. Bahati nzuri mwalimu wa darasa alikuwa ameomba nakala ya somo siku ile ile, hivyo picha zikapatikana. Binti alijifunza kwa roho juu.

Mzee akampa na historia. Zamani, alisema, kukata kulikuwa ni mashine mbili, moja ya kuchezea na moja ya kurekodia, na kidole juu ya kitufe. Ukitaka kuongeza kipande katikati baada ya kumaliza, ilikubidi urudie vyote vilivyofuata. Tena kila nakala ilikuwa hafifu kuliko ile iliyotangulia. "Kwa hivyo tulifikiri kwanza, ndipo tukakata," akasema. "Ninyi mnakata kwanza."

Baada ya wiki moja video ilikuwa tayari. Akatuita mimi na mzee sebuleni. Lo! Ilipendeza. Mwalimu anaingia, bahari inapwa kwa sekunde 20, mwalimu anauliza, mkono unainuliwa, jibu sahihi linatoka. Swali jingine, mkono mwingine, jibu sahihi tena. Hakuna kigugumizi wala kimya. Dakika 6 juu ya alama. Nikapiga makofi.

Mzee hakupiga makofi. Aliuliza, "Vipande ulivyovitupa viko wapi?"

"Vipo, mzee, lakini havina kitu."

"Nionyeshe hivyo hivyo. Mimi nimekata harusi miaka mingi. Ukitaka kuijua harusi, usitazame kanda waliyopewa wenyewe. Tazama kilichobaki sakafuni."

Binti akafungua, shingo upande. Katika kipande kimoja alikuwa ameuliza darasa: "Maji yanapopwa, yanakwenda wapi?" Mvulana mmoja, aliyeketi karibu na dirisha, akainuka taratibu. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Yameenda kwa watu wengine." Darasa likaangua kicheko. Sauti ya mwalimu ikafuata haraka: "Hapana. Mwingine?" Mtoto akaketi, akageuza uso dirishani. Katika dakika zote zilizobaki za somo hakuinua mkono tena. Tuliziangalia zote.

Hakuna aliyesema neno. Binti mwenyewe ndiye aliyeshika kipanya, akarudisha alama nyuma, akaanza kuhesabu. Uzuri wa mstari ule, au ubaya wake, ni kwamba hausemi uongo kuhusu muda. Tangu mtoto aketi kimya baada ya kuinuka mpaka mwalimu aanze kumhimiza, ilikuwa sekunde 1 na picha 6. Akapima maswali mengine. Sekunde 1. Sekunde 1 na nusu. Chini ya sekunde 1. Kisha akahesabu aliowaita: karibu wote walikuwa wa madawati mawili ya mbele.

"Mjomba," akasema, "mimi nilidhani nawangojea."

Si yeye peke yake, wasomaji wangu. Mtaalamu Mmarekani Mary Budd Rowe alikaa akisikiliza kanda za masomo ya sayansi darasani, na katika maandishi yake ya mwaka 1974 alieleza kwamba walimu kwa kawaida hungojea takriban sekunde 1 tu baada ya swali kabla hawajasema kitu. Walipojizoeza kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na watoto waliokuwa wakihesabiwa wazito wakaanza kuchangia. Sekunde 3 ni kitu gani? Ni muda wa kuvuta pumzi na kuishusha. Lakini simama mbele ya watoto 50 uone jinsi zinavyorefuka.

Kisha mzee akatoa la pili. "Na huyo mtoto alikosea nini?"

Binti akafikiri. Mwezi huvuta maji ya bahari, na maji yakainuka upande ulioelekea mwezi na upande wa pili wa dunia pia. Dunia inapozunguka, pwani yetu hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Maji yanayotutoka hayaishi, wala hayazami mchangani. Yanapopwa huku kwetu, kuna pwani nyingine mbali ambako wakati huo yanajaa.

"Yameenda kwa watu wengine," akarudia polepole. Akajishika kichwa.

Jibu lililokuwa karibu zaidi na ukweli kuliko yote darasani lilikuwa ndilo alilolitupa. Na alilitupa mara mbili: kwanza kwa mdomo, tena kwa mkasi.

Nawaambia ukweli, wazazi wenzangu, hapo nilijiona hata mimi. Ni mara ngapi mtoto ameanza kusema mezani, tukamkatiza kwa sababu maneno yake yanatoka kombokombo? Sisi hatuna mstari wa kutuonyesha sekunde tulizomnyima.

Binti akaamua kipande kirudi. Lakini kurudi kwake si jambo la kubonyeza tu. Uso wa mtoto ni wa mtoto. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasema habari za mtoto, na picha yake ni mojawapo, zisitumiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, tena kwa njia inayolinda maslahi ya mtoto. Si maneno ya karatasi tu: Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 na Kamishna wa Data kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Walimu, na hata sisi tunaopenda kurusha picha za watoto wa wenyewe katika simu, tukumbuke hilo.

Akaenda kwa mama wa mtoto, ambaye hukaanga viazi karai jioni kando ya njia. Nilimsindikiza.

"Mama, naomba ruhusa ya kutumia sauti ya mwanao katika video ya chuo."

Mama aligeuza viazi kwanza. "Mwalimu, mwanangu alikuja nyumbani siku hiyo hakula. Nilimuuliza, akaniambia walimcheka. Sasa wataka achekwe na chuo kizima?"

Binti angeweza kujitetea. Hakujitetea. "Mimi ndiye niliyekosea, Mama. Yeye alikuwa karibu kupata. Nataka wenzangu waone kosa langu, si lake. Nitakuletea uitazame kwanza. Ukisema hapana, nitaifuta mbele yako."

Usiku ule alijifunza jambo ambalo mafundi wa filamu hulitumia kila siku: kuachanisha sauti na picha. Unakata picha ya mtoto, unaiondoa, lakini sauti yake unaiacha iendelee juu ya picha nyingine. Akatoa uso, akatoa kicheko, na mahali pake akaweka bahari yake ya sekunde 20. Kwa hivyo mtazamaji haoni mtoto yeyote. Anaona maji yanajivuta taratibu kutoka kwenye jiwe, na sauti ndogo isiyo na jina inasema, "Yameenda kwa watu wengine." Kisha inafuata ile "Hapana" ya mwalimu, ambayo hakuikata. Halafu kimya cha sekunde 3, alichokiweka makusudi, na mwisho binti mwenyewe anatokea na kueleza kwa nini "Hapana" ile haikufaa.

Mama aliitazama akiwa amesimama, mikono ina unga wa dengu. Akaomba irudiwe. Akaomba tena. Kisha akaomba kalamu.

Kabla ya kuipeleka Shanzu, binti aliwaonyesha gredi ya 4 video hiyo. Aliwaambia wazi kwamba siku ile alikuwa na haraka, na kwamba mwenzao alikuwa na jibu ambalo yeye mwalimu hakulisikia. Akauliza tena swali lile lile, na safari hii akahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu.

Mkono uliopanda ulikuwa wa dirishani.

"Mwalimu," mtoto akasema, "sasa hao watu wengine, maji yakiwatoka, wao husema yameenda kwa nani?"

Binti aliniambia kwamba hakucheka mtu.

Alama za chuo bado hazijatoka ninapoandika haya, nami sitawadanganya kwamba nazijua. Ninachojua ni kwamba siku hizi mpwa wangu, kabla ya kufunga kipakatalishi, hufungua folda ya vipande alivyovitupa na kuvitazama kimoja kimoja. Nawe msomaji, mtoto wako akianza kusema leo mezani na ulimi ukakwama, hesabu mpaka tatu. Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.